Namna lugha ya walimaji iliingia ku iniversite ya Prague



Mnakumbuka namna tulimcheka yule mdogo wa mwenzetu? Kijana amemaliza sekondari, anatafuta buruse, na mu orodha ya mambo aliyochagua kusoma kulikuwa moja iliyotushangaza: lugha na fasihi ya Kicheki, kule Prague. Mmoja wetu akasema: « Lugha ya watu milioni kumi! Ataikula na chumvi gani? » Tulicheka wote, na mimi nilicheka kushinda wengine. Nilisema angalau angechagua madini ao udaktari.

Kiisha nikaenda kusoma. Mimi ni mtu wa udongo na mbegu, sikusomea lugha. Lakini mambo niliyoyakuta yalinifunga mdomo, na tena yalinigusa mu kazi yangu mwenyewe. Kumbe ile lugha tuliyoicheka ilichekwa pia kwao, na watu wakubwa kutushinda. Miaka mia mbili na kitu iliyopita, mu Prague kwenyewe, mtu wa maana alisema Kijerumani. Kicheki kilikuwa cha mlimaji, cha boyi, cha mpishi. Profesa wa kwanza wa Kicheki alianza kufundisha ku iniversite ya Prague mwaka 1793, na hotuba yake ya kufungua kozi aliandika kwa Kijerumani! Lakini mwaka 1882 Wacheki walipata iniversite yao, profesa anafundisha sheria na falsafa kwa Kicheki toka asubuhi mpaka magaribi.

Toka 1793 mpaka 1882 ni miaka 89. Ni umri wa babu mmoja. Leo ninaomba tuangalie ile miaka ilijazwa na kazi gani, juu nadhani inatuhusu.

IKO YA ZAMANI, LAKINI ILISEMA LUGHA YA WENGINE

Iniversite ya Prague ilianzishwa na mfalme Charles wa Nne tarehe 7 Aprili 1348, njo maana mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Walifundisha kwa Kilatini, sawa iniversite zote za Ulaya wakati ule. Kicheki kilibaki inje ya mlango.

Hata hivyo, watu hawakukiacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1400 kuliandikwa kitabu kidogo, kwa Kilatini, juu ya namna ya kuandika Kicheki. Kwa kawaida wanakiweka ku jina la Jan Hus, padri na mwalimu wa iniversite ile, aliyekuwa rekta mwaka 1409. Mbele ya hapo, sauti moja ya Kicheki iliandikwa kwa herufi mbili ao tatu zilizobanana. Kile kitabu kikasema: weka herufi moja, kisha nukta juu yake. Leo ukiona jina la Mcheki liko na kakofia juu ya c ao s, ujue kale kakofia kametoka ku ile nukta. Hus alichomwa moto kule Konstanz tarehe 6 Julai 1415 kwa mambo ya dini. Nukta yake ilibaki.

Kiisha, kati ya 1579 na 1594, kanisa moja dogo la Waprotestanti lilitafsiri na kuchapa Biblia ya Kicheki, vitabu sita, inaitwa Biblia ya Kralice. Kwa miaka mingi, mtu akitaka kujua Kicheki kizuri ni kipi, alifungua ile Biblia. Muikumbuke, tutairudilia.

Vita ikakuja. Tarehe 8 Novemba 1620, ku Mlima Mweupe karibu na Prague, wakubwa wa Ucheki waliomwasi mfalme wa ukoo wa Habsburg walishindwa. Tarehe 21 Juni 1621, viongozi 27 waliuawa mbele ya watu, katikati ya mji. Mmoja wao alikuwa Jan Jessenius, daktari, rekta wa iniversite. Iniversite ikapewa Wajezuiti. Mwaka 1627 sheria mpya ikasema Kijerumani na Kicheki ni sawa mu nchi. Ku karatasi vilikuwa sawa. Lakini mfalme alikuwa Vienna, na Vienna ilisema Kijerumani. Waprotestanti waliosoma walikimbia. Jan Amos Komenský, mwalimu ambaye vitabu vyake vya kufundisha lugha vilisomwa Ulaya yote, alikufa mu ukimbizi kule Amsterdam mwaka 1670.

Lugha haikukufa. Ilirudi kijijini. Mlimaji aliendelea kuita ng'ombe yake kwa Kicheki, mama aliendelea kubembeleza mtoto kwa Kicheki. Lakini kila neno jipya, la sheria, la dawa, la mashine, lilizaliwa kwa Kijerumani ao Kilatini. Mtoto wa kijiji aliyefika ku masomo alipeleka akili yake yote mu lugha ingine, na akirudi likizo hakuwa na kitu cha kumwambia baba yake kuhusu mambo aliyosoma. Hapo njo lugha inaanza kukauka, hata kama watu wanaoisema ni wengi.

KOZI YA KWANZA ILIKUWA YA MAOFISA

Nilikuwa nawaza Kicheki kiliingizwa ku iniversite na wapenzi wa taifa. Hapana. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na serikali ya Vienna, kwa faida yake. Ofisa lazima asikilizane na askari wake, na askari wengi walikuwa watoto wa walimaji Wacheki. Kwa hiyo Kicheki kilifundishwa mu shule ya kijeshi ya Wiener Neustadt toka miaka ya 1750, na mwaka 1775 iniversite ya Vienna ikapata profesa wa Kicheki, Josef Valentin Zlobický. Prague yenyewe ilikuwa haijapata!

Sisi wa Kongo hii haitushangazi. Force Publique ya Wabelgiji iliamuru askari wake kwa Lingala, na hakuna mkubwa aliyewaza kama siku moja mtu angeandika memwari kwa lugha ile. Kutumia lugha ya watu ni jambo moja, kuiheshimu ni ingine.

Mwaka 1784 mfalme Joseph wa Pili akaondoa Kilatini ku iniversite ya Prague, akaweka Kijerumani. Yeye aliona ni maendeleo: serikali moja, lugha moja. Lakini tazameni vile ilileta. Kilatini hakikuwa lugha ya kuzaliwa ya mtu yeyote, kila mwanafunzi alikisoma kwa jasho. Kijerumani kilikuwa lugha ya jirani. Sasa mwanafunzi Mcheki aliona wazi kwamba mwenzake anaingia mu oditwari na lugha ya mama yake mdomoni, na yeye anaiacha ku mlango. Nadhani kile kitendo cha Joseph kiliamsha watu kushinda hotuba yoyote.

Mwaka 1791 mfalme mpya, Leopold wa Pili, alikuja Prague kuvalishwa taji. Padri mmoja mwenye elimu nyingi, Josef Dobrovský, alisema mbele yake mu chama cha wanasayansi. Alimhakikishia kama Waslavi ni waaminifu kwa ukoo wake, kiisha akaomba lugha yao ilindwe. Ilikubaliwa kuweka nafasi ya profesa wa Kicheki, na mwaka 1793 František Martin Pelcl akaanza. Huyu Pelcl alikuwa mtu wa historia. Mu 1775 alikuwa amechapisha kitabu cha kutetea Kicheki, kilichoandikwa na Mjezuiti Bohuslav Balbín miaka mia moja mbele, kikalala bila kuchapwa. Na kile kitabu cha kutetea Kicheki, kiliandikwa kwa lugha gani? Kilatini.

Msicheke. Mimi memwari yangu juu ya maharagi ya walimaji wetu niliandika kwa Kifaransa, na hakuna mlimaji hata mmoja ameisoma.

MTOTO WA KIJIJI NA KAMUSI YA VITABU VITANO

Hapa historia inagawanyika njia mbili. Dobrovský alikuwa bingwa. Aliandika historia ya lugha na fasihi ya Kicheki, na mwaka 1809 akatoa gramere kubwa yenye wataalamu wanaiheshimu mpaka leo. Vyote kwa Kijerumani. Aliipenda ile lugha sawa daktari anayependa mgonjwa wa miaka mingi: anajua kila mfupa wake, lakini hatumaini sana kama atatembea tena. Hakuamini vizuri kama Kicheki kingeweza kubeba tena sayansi na mashairi ya juu. Kipimo chake kilikuwa Kicheki cha zamani, kile cha Biblia ya Kralice.

Wa pili ni Josef Jungmann, alizaliwa 1773 mu kijiji cha Hudlice, familia ya hali ya chini. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mwanafunzi alirudi nyumbani, akataka kusema na watu wa kwao, Kicheki kikamgwama mdomoni, wakamcheka. Kile kicheko kilimuuma maisha yote. Toka 1799 alikuwa mwalimu wa sekondari mu mji wa Litoměřice. Kicheki hakikuwa mu programu, yeye akakifundisha bila malipo, kwa wanafunzi waliotaka. Hakungojea serikali imlipe.

Kiisha akafanya jambo la kujaribu nguvu ya lugha. Mwaka 1811 alitoa tafsiri ya Paradise Lost, lile shairi refu la Mwingereza John Milton. Kama Kicheki kinaweza kubeba mbingu na jehanamu ya Milton, nani atasema tena ni lugha ya jikoni? Alipokosa neno, alitafuta kwanza mu Kicheki cha zamani. Akikosa, aliomba kwa ndugu wa ukoo: Kirusi na Kipolandi. Neno la Kicheki la « hewa », vzduch, na la « maumbile », příroda, yalitoka kwa Warusi. Leo mtoto wa Prague hajui kama ni maneno ya kuazima.

Kazi yake kubwa ni kamusi ya Kicheki na Kijerumani: vitabu vitano, vilitoka kati ya 1834 na 1839, karibu maneno 120 000. Alisaidiwa na watu wengi, lakini mabega yaliyobeba ni yake. Mwaka uliofuata, 1840, yule mtoto wa Hudlice alikuwa rekta wa iniversite ya Prague. Oditwari zilikuwa bado za Kijerumani.

Na musiwaze kama Wacheki wote walimpigia mikono. Jan Nejedlý, aliyeshika nafasi ya Pelcl ku iniversite mwaka 1801, alikuwa mpinzani wake. Yeye alitaka Kicheki kama kile cha Biblia ya Kralice, na maneno mapya ya Jungmann aliyaona uchafu. Profesa rasmi wa lugha alikuwa breki, mwalimu wa sekondari alikuwa motere. Mambo haya yanatokea mpaka leo, sitaji mtu.

AZOTI NJO NINI?

Sasa nifike ku kipande kilichonifanya niandike.

Siku moja nilikuwa na walimaji ku shamba la mfano. Naeleza mbolea ya dukani, zile namba tatu ku mufuko: azoti, fosfori, potasi. Mama mmoja, mwenye umri wa mama yangu, akainua mkono: « Mwanangu, azoti njo nini? » Nikajibu: « Mama, azoti ni kile kitu kinakomalisha majani. » Akasema: « Ile njo kazi yake. Mimi nauliza, yeye njo nani? » Watu wakacheka. Sikuwa na jibu. Miaka yote ya lisansi, na sikujua neno lenyewe maana yake nini.

Jibu nilikuja kulipata mu historia ya Kicheki. Jan Svatopluk Presl, alizaliwa 1791, alikuwa profesa wa zoolojia na madini ku iniversite ya Prague. Sawa agronome yeyote, alihitaji majina ya mimea, ya mawe, ya vitu vya kemia. Kicheki hakikuwa nayo. Mwaka 1820, pamoja na mwenzake Berchtold, akaanza kutoa kitabu kikubwa cha mimea kwa Kicheki. Mu 1821 akaanzisha gazeti la sayansi kwa Kicheki, Krok. Toka 1828 akatoa kitabu cha kemia kwa Kicheki, kilimaliza kutoka 1835.

Yeye na wenzake walitumia njia rahisi: chukua neno mlimaji analijua, ongeza mkia -ík. Voda ni maji: idrojeni ikawa vodík. Uhlí ni makaa: kaboni ikawa uhlík. Vápno ni chokaa: kalsiamu ikawa vápník. Hlína ni udongo: aluminiamu ikawa hliník. Draslo ni chumvi ya jivu: potasiamu ikawa draslík. Kost ni mfupa, na mifupa ina fosfori: fosfori ikawa kostík. Na azoti? Dusit ni kukaba pumzi. Kiumbe ukikifungia mu azoti peke yake kinakosa pumzi, kinakufa. Wajerumani walikuwa tayari wameiita « kitu cha kukaba », na Wacheki wakasema dusík. Nikafungua kamusi ya Kifaransa: azote inatoka Kigiriki, « bila uhai ». Jamani! Wakati ule wote nilikuwa na jibu la yule mama mdomoni, lakini limefungwa ndani ya lugha ambayo mimi na yeye hatuijui.

Fikirini ningemwambia vile Presl alivyofanya: mama, mu huu mufuko muko vitu vitatu, Mkaba-pumzi, Mfupa na Jivu. Jivu anamwaga ku shamba toka utoto. Mfupa anajua. Na Mkaba-pumzi amejaa mu hewa yote, lakini mihindi haiwezi kumkamata. Ni maharagi yanayomkamata, na vile vifundo vidogo ku mizizi yake njo mtego. Kozi yangu ingemalizika mu dakika kumi.

Lakini historia ni mwalimu mkali, inaonyesha pia mipaka. Si maneno yote ya Presl yaliishi. Kostík ilikufa, leo Wacheki wanasema fosfor. Klorini aliita solík, toka neno la chumvi. Leo ni chlor. Kobalti, ile ile ya Kolwezi, aliita ďasík, toka ku jina la shetani. Leo ni kobalt. Hata kemia yenyewe aliita lučba, na leo ni chemie. Watu walichukua maneno yaliyowasaidia, mengine wakaacha, wakabaki na ya kimataifa bila haya. Wenzetu wa Tanzania wamepita njia hiyo hiyo: Baraza la Kiswahili la Taifa liko toka 1967, na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ilitoka Dar es Salaam mwaka 1990. Neno wanalotumia, nitrojeni, ni la kuazima na linafanya kazi vizuri. Donc swali siyo kuazima ao kutunga. Swali ni kama kuna mtu amekaa chini kutafuta neno ambalo yule mama anaweza kulishika.

UONGO MTAMU

Sehemu hii inauma, lakini bila yenyewe hadisi haiko ya kweli.

Lugha inayochekwa inatafuta babu mkubwa wa kujivunia. Mwaka 1817 kijana Václav Hanka alisema amekuta mu mnara wa kanisa, mji wa Dvůr Králové, karatasi za zamani zenye mashairi ya Kicheki, zikawekwa ku miaka ya 1200. Kwa muda mfupi kukatokea zingine, zilizosemwa ni za zamani zaidi. Taifa lote likafurahi: kumbe na sisi tulikuwa na washairi wakubwa wakati jirani alikuwa bado kimya! Wachoraji wakachora zile hadisi, shule zikazifundisha.

Dobrovský, mzee, ambaye Hanka alikuwa mwanafunzi wake, alisema toka 1824 kwamba zile za pili ni za uongo. Wakamuona mpinga-taifa.

Mwaka 1882 iniversite ya Prague iligawanywa mara mbili, moja ya Kijerumani, moja ya Kicheki. Ushindi ulikuwa umefika. Nafasi ya lugha ya Kicheki ilikuwa ya Jan Gebauer, mtu aliyejua Kicheki cha zamani kushinda wote. Na mwaka 1886, mu gazeti la mwenzake profesa Tomáš Masaryk, Gebauer akaandika kwamba zile karatasi zinaomba kuchunguzwa tena, juu gramere yake haifanani na maandishi mengine ya wakati ule. Basi! Magazeti yakawatukana, wakaitwa wasaliti. Lakini wana lugha na wanahistoria walipochunguza, karatasi zilianguka: ni kazi ya miaka ya 1800.

Kozi ya Kicheki, iliyoombwa ili kuinua taifa, sasa njo ilitumika kuliambia taifa ukweli lisiotaka kusikia. Nafikiri siku ile Kicheki kilikuwa kweli lugha ya iniversite. Iniversite ilikuwa ya Kicheki toka 1882 kwa sheria. Toka 1886 ilikuwa hivyo kwa kazi. Yule Masaryk waliyemtukana alikuja kuwa rais wa kwanza wa Czechoslovakia mwaka 1918.

MLANGO UNAFUNGWA, UNAFUNGULIWA

Mu miaka iliyofuata Prague ikakuwa mahali ulimwengu ulikuja kujifunza mambo ya lugha. Mwaka 1926 Vilém Mathesius na wenzake, pamoja na Mrusi Roman Jakobson, walianzisha Duara la Wanalugha la Prague, na wasomi wa lugha wanalitaja mpaka leo. Neno moja la Kicheki likatembea dunia nzima: robot, toka mchezo wa Karel Čapek wa 1920, R.U.R. Linatoka ku robota, siku za kazi ya lazima ambazo mlimaji alimfanyia bwana wa ardhi. Ni salongo ya wakati wao. Neno la mlimaji limeingia mu kila kiwanda cha dunia.

Kiisha Wanazi. Tarehe 28 Oktoba 1939 wanafunzi na watu wa mji waliandamana Prague. Jan Opletal, mwanafunzi wa udaktari, akapigwa risasi, akafa tarehe 11 Novemba. Maziko yake yakageuka maandamano. Usiku wa kuamkia 17 Novemba askari waliingia mu nyumba za wanafunzi. Watu tisa waliuawa bila hukumu, zaidi ya 1 200 wakapelekwa kambi ya Sachsenhausen, na iniversite zote za Kicheki zikafungwa mpaka mwisho wa vita. Siku ya Kimataifa ya Wanafunzi, ile ya 17 Novemba, inatoka hapo. Unafunga iniversite ya watu pale tu unapojua ina nguvu. Ile kozi ya mwaka 1793 hakuna aliyehangaika kuifunga.

Tarehe hiyo inatugusa na sisi. Mwaka 1961 serikali ya kikomunisti ilifungua Prague iniversite iliyoitwa 17 Novemba, kwa ajili ya wanafunzi toka Afrika, Azia na Amerika ya Kusini. Iliishi mpaka 1974. Waafrika waliofika pale kusomea mambo mbalimbali walianza na jambo moja: kujifunza Kicheki. Leo tena, ku iniversite za serikali za Ucheki, anayesoma kwa Kicheki halipi minervale, hata akiwa mgeni. Anayesoma kwa Kiingereza analipa. Lugha ya boyi na mpishi imekuwa ile inayofungua mlango bila pesa.

TUSEME NINI KWA YULE KIJANA?

Mimi ningemwambia aende kama anapenda. Atateseka: jina moja linageuza mkia wake mara saba kufuatana na kazi yake mu sentensi, na sauti ya ř itamkwaruza ulimi mpaka mwaka wa pili. Atasoma Kicheki cha zamani, atasoma Máj ya Mácha ya 1836 na Babička ya Božena Němcová ya 1855. Anaweza kuwa mwalimu, mtafsiri, mtu wa vitabu. Lakini zaidi ya hayo, atakuwa kati yetu mtu mmoja aliyeona kwa karibu namna lugha inatengenezwa kwa mikono: nukta ya Hus, darasa la bure la Jungmann, mikia ya Presl, ujasiri wa Gebauer. Mtu wa namna hiyo akirudi, tutamhitaji kushinda agronome mwingine anayejua azoti kwa Kifaransa.

Na sisi tunaobaki? Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa letu, na watu wanaokisema hapa Mashariki na Katanga ni wengi kushinda Wacheki wa wakati wa Pelcl. Watu haiko kitu kinachotukosa. Ninapendekeza jambo dogo: kila mmoja wetu achukue maneno ishirini ya kazi yake, daktari yake, mwanasheria yake, injinia yake, aandike namna angemweleza mama yake kwa Kiswahili. Maneno mengine yatakufa sawa kostík, hakuna ubaya. Mimi nimeanza, niko ku neno la kumi na moja.

Yule mama wa azoti nitamuona tena mu msimu wa Septemba. Safari hii nitamjibu.

Tuandikieni hapa chini maneno yenu, na anayepinga apinge, tusikilizane.